Elimu ya Mke wa Askari Isiachwe Bandarini

Boti inapoondoka bandari ya Malindi kuelekea Dar es Salaam, mara nyingi miongoni mwa abiria wake huwamo familia ya askari aliyepewa uhamisho. Si vigumu kuwatambua. Godoro limefungwa kamba, vyombo vimepangwa ndani ya ndoo, na watoto wamevishwa nguo za Sikukuu kwa kuwa safari ni ndefu. Baba anayo barua ya amri mfukoni. Huko aendako, pawe Songea, Tabora au Monduli, kazi yake inamngojea, cheo chake kinajulikana, na mshahara wake hautapungua hata senti moja kwa sababu ya kuvuka bahari. Mama naye anavyo vyeti vyake, amevitia ndani ya bahasha na bahasha ameitia chini kabisa ya sanduku. Swali tunalotaka kulileta leo mbele ya wasomaji wetu, na hasa mbele ya wakuu waliokabidhiwa dhamana za nchi, ni hili: vyeti vya mama huyo vitamfaa nini huko aendako?

Hatuliulizi swali hili kwa kumtafutia mtu huruma. Taifa letu limezoea kumsifu askari wake, naye anastahili sifa hizo. Tangu Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoundwa tarehe 1 Septemba, 1964, limeilinda mipaka yetu, limemtoa mvamizi katika ardhi ya Kagera katika vita vya 1978 na 1979, na katika miaka ya baadaye limetumwa kulinda amani Darfur, Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na mashariki ya Kongo. Lakini nyuma ya kila askari mwenye ndoa yupo mtu asiyevaa sare wala kupigiwa saluti, ambaye hata hivyo anazitii amri zile zile. Mara nyingi mtu huyo ni mke. Siku hizi, kwa kuwa binti zetu nao wamo majeshini, huwa pia ni mume. Yote tutakayoyasema hapa juu ya mke wa askari yachukuliwe kuwa yanamhusu na mume wa askari wa kike.

Chanzo cha tatizo

Tatizo hili lina chanzo kinachoeleweka, na chanzo hicho si ubaya wa mtu yeyote. Katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyomo katika Katiba ya Jamhuri, ulinzi na usalama ni jambo la Muungano. Kwa hivyo askari mzaliwa wa Wete ni askari yule yule akiwa Wete au akiwa Tabora. Elimu ya msingi na ya sekondari, afya na mafunzo ya amali si mambo ya Muungano. Mwalimu wa skuli ya Pemba ameajiriwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwalimu wa Tabora yuko chini ya mamlaka nyingine kabisa. Muuguzi wa Unguja anasajiliwa na baraza la Zanzibar, na mwenziwe wa Tanzania Bara anasajiliwa na baraza la huko. Fundi aliyefunzwa Mwanakwerekwe amepitia Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, na wa Bara amepitia VETA.

Matokeo yake ni kwamba amri moja ya uhamisho huivusha bahari kazi ya mume, na kazi ya mke ikabaki gatini. Mwalimu aliyefundisha miaka tisa Chake Chake hujikuta mbele ya milango mitatu, na wote ni mwembamba. Abaki peke yake na watoto, nyumba igawike mara mbili na mshahara wa askari ugawike vivyo hivyo; au aombe likizo bila ya malipo, ambayo ina mwisho wake; au aiache kazi, na akifika huko aanze upya kama msichana aliyemaliza chuo jana. Akisha kuanza upya na kupata pahala, huenda ikaja barua nyingine ya uhamisho.

Wala haki haituruhusu tuyaone ya kwetu tu. Mke wa askari aliyetoka Bara akaletwa Migombani au Vitongoji hukutana na ukuta ule ule kwa upande wa pili. Cheti chake cha uuguzi ni cha baraza jingine, na kila anapobisha hodi huulizwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ambacho hanacho. Anaishi nasi, ananunua samaki katika soko letu, wanawe wanasoma katika skuli zetu, lakini ujuzi wake umewekwa kabatini.

Tumewataja kwanza wenye vyeti kwa sababu hasara yao huonekana kwa macho. Wapo pia walio wengi wasiokuwa na cheti cha kupoteza: msichana aliyeolewa akiwa kidato cha pili, akafuata mume kambini, akazaa, na sasa anapika maandazi alfajiri na kusuka nywele jioni. Huyu kila anapoanza darasa la ushoni au la kujiendeleza, uhamisho humkuta katikati ya somo. Wa kwanza hupoteza kazi aliyokuwa nayo, na huyu hupoteza ile ambayo angeipata.

Tulikotoka

Nchi hii si ngeni katika kumsomesha mtu mzima. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba, 1964, na tangazo hilo lilifungua milango iliyokuwa imefungwa kwa watoto wa wakwezi na wakulima. Upande wa Bara, Mwalimu Nyerere alieleza mwaka ule ule wa 1964 kwamba nchi changa haiwezi kuwangoja watoto wakue ndipo ianze kuendelea, na kwamba wa kuelimishwa mwanzo ni watu wazima. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka huo huo Serikali ikaagiza kwamba mahali pa kazi pawe na madarasa ya wafanyakazi. Wakati wa sensa ya 1967, karibu thuluthi mbili ya watu wazima wa Bara walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986 wasiojua walikuwa wamebaki kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi.

Ushindi ule haukuletwa na fedha nyingi, kwa sababu fedha hazikuwapo. Uliletwa na uamuzi, na uamuzi huo ulikuwa na mwenyewe. Matawi ya Chama yalikuwako kila pahala, hata majeshini, na kampeni ikishaamuliwa ilipita katika matawi hayo mpaka mlangoni kwa mtu. Mwaka 1992, nchi ilipoingia katika mfumo wa vyama vingi, siasa za vyama ziliondolewa jeshini. Hivyo ndivyo ilivyopasa, na sisi tulio makada ni wa mwanzo kusema kwamba jambo hilo lisirudi nyuma. Lakini yafaa tujiulize kwa uaminifu: yale madogo yaliyokuwa mema katika shughuli za matawi, kama vile kumhimiza mama wa kambini kuingia darasani, nani alikabidhiwa? Jeshi lina kazi yake ya ulinzi. Wizara ya Elimu inaiona kambi kuwa ni eneo la jeshi. Halmashauri na shehia zinawaona wa kambini kuwa ni wapita njia. Mtoto wa watu wote akalala na njaa.

Funzo kutoka mbali

Katika jambo hili nchi ya Marekani ina uzoefu unaostahili kutazamwa. Hatusemi tuige. Jeshi lao ni la dola kubwa yenye kambi duniani kote, na mengi ya matendo ya dola hiyo hatukubaliani nayo. Lakini mtu mwenye akili huchukua dawa hata kwa jirani asiyempenda.

Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo hutoa leseni zake za ualimu, uuguzi na kazi nyingine nyingi. Mke wa askari akihamia jimbo jingine alilazimika kuomba leseni upya, kulipa upya, na mara nyengine kufanya mtihani upya. Mwanazanzibari atakayeyasoma haya ataona kwamba anasoma habari zake mwenyewe. Uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi ya huko wa mwaka 2021 ulionesha kwamba miongoni mwa wenzi wa askari waliokuwa wakitafuta kazi au kufanya kazi, kiasi cha asilimia 21 hawakuwa na ajira. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja katika watano, ndani ya nchi yenye utajiri mkubwa kuliko zote.

Mwaka 2009 Serikali yao ilifungua kwa nchi nzima mpango wa kuwalipia wenzi wa askari gharama za masomo, hadi dola 6,000 kwa mtu. Waombaji walimiminika kwa wingi usiotazamiwa. Zaidi ya watu 130,000 walikuwa wameshajiandikisha ilipofika Februari 2010, na mpango ukasimamishwa ghafla kwa kuwa fedha zilizotengwa hazikutosha. Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa muhula walikuta mlango umefungwa. Uliporejeshwa kwa waombaji wapya baadaye mwaka huo, msaada ulipunguzwa kuwa dola 4,000, ukawekewa wenzi wa askari wa vyeo vya chini, na ukaelekezwa kwenye vyeti na leseni za kazi zinazoajirika. Kisha, Januari 2023, ikatiwa saini sheria inayoamuru kwamba leseni ya kazi ya mwenzi wa askari anayehama kwa amri ya jeshi itambuliwe katika jimbo anakohamia, isipokuwa leseni za uanasheria.

Tunapata hapo mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba kiu ya elimu miongoni mwa wake wa askari ni kubwa kuliko wakubwa wanavyodhani. Haikuonekana kwa sababu hakuna aliyefungua mfereji. La pili, atakayeahidi na ahesabu kwanza, maana ahadi iliyokatika katikati huvunja moyo kuliko kutoahidi. La tatu, na ndilo zito, ni kwamba fedha za masomo zilitangulia kwa miaka mingi, lakini sheria ya kuzifanya leseni zivuke mipaka ilikuja mwishoni. Kumsomesha mtu cheti kisichovuka mpaka pamoja naye ni kumpa jahazi na kumnyima tanga.

Hoja za wanaopinga

Watakuwapo watakaouliza: mke wa askari ana nini zaidi ya mke wa mvuvi au wa mkulima wa karafuu? Hao nao ni maskini, hao nao wangependa kusoma. Swali ni la haki na linastahili jibu. Mke wa mvuvi hakuhamishwa na Serikali. Akianza darasa Nungwi, hakuna barua itakayomtaka awe Songea kabla ya mtihani. Mke wa askari amekatishwa na amri ya dola, kwa manufaa ya wananchi wote, akiwamo mvuvi na mkewe. Anayesababisha hasara ndiye wa kwanza kudaiwa fidia. Hatuombi apewe zaidi ya wengine. Tunaomba arejeshewe kile ambacho amri imemwondolea.

Wengine watasema kwamba hazina haina fedha. Lakini vyombo vingi vimekwisha kuwapo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo Unguja na Pemba na katika mikoa ya Bara, na mwanafunzi wake huweza kuhama mkoa bila ya kuhama chuo. Vituo vya mafunzo ya amali vipo Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Makunduchi, Vitongoji na Daya. Pale Vitongoji kambi na kituo cha amali viko katika eneo moja. Umbali uliopo baina yao ni wa karatasi, si wa miguu. Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani unamruhusu aliyekatisha masomo kurudi katika njia ya kidato cha nne bila ya kuvaa tena sare ya skuli. Na baraza hilo lenyewe, kwa kuwa ni la Muungano, ni ushahidi kwamba karatasi inaweza kuvuka bahari: cheti chake kinasomeka Wete kama kinavyosomeka Mbeya. Iliwezekana kwa mtihani wa kijana, kwa nini isiwezekane kwa leseni ya muuguzi?

Wapo pia, na tunalisema hili kwa upole, wanaoona kwamba mke wa askari kazi yake ni kukaa nyumbani kumngojea mumewe. Sisi tuliokalishwa mkekani tukasomeshwa juzuu tangu utotoni tunajua kwamba neno la kwanza lililoteremshwa lilikuwa amri ya kusoma, na halikubagua mwanamume na mwanamke, kijana na mzee. Anayemzuia mkewe kusoma kwa jina la dini na arudi chuoni akaulize vizuri.

Nini kifanyike

Kwanza, ianzwe penye wepesi. Vikosi vya Serikali ya Mapinduzi, kama KMKM na JKU, huhamisha watu baina ya Unguja na Pemba. Hapo mwajiri wa mke, akiwa mtumishi wa Serikali, ni yule yule. Itoke amri ya kiutumishi kwamba askari anapohamishwa, idara ya mke ipewe taarifa siku ile ile na itafute nafasi yake huko aendako, badala ya kumwacha apande na kushuka ngazi za ofisi kwa miezi.

Pili, Serikali zetu mbili zikae juu ya jambo hili. Vipo vikao vya kushughulikia masuala ya Muungano, na vimekwisha kutatua mambo mazito kuliko hili. Mabaraza ya wauguzi, mamlaka za walimu na mamlaka za mafunzo ya amali ziwekeane hati ya kutambua vyeti vya mwenzi wa askari aliyehama kwa amri. Pamoja na hilo iangaliwe michango yake katika mifuko ya hifadhi ya jamii, ili miaka aliyotumikia upande mmoja isihesabiwe sifuri upande wa pili.

Tatu, katika kila kambi yenye familia pawe na darasa la kudumu, na lisiwe la msimu wa wageni. Mwalimu atoke Wizara ya Elimu, ukumbi utoke jeshini, na kibali chake cha kuingia kisichukue muda mrefu kuliko muhula. Pawe pia na mahali pa kuwaacha watoto wadogo. Wote waliowahi kusimamia kisomo wanajua kwamba darasa la akina mama lisilo na mlezi wa watoto hubaki tupu katika wiki ya tatu.

Nne, bodi za mikopo ya elimu ya juu, ile ya Bara na ile ya Zanzibar, pamoja na taasisi za uwezeshaji wa wananchi, zimtambue mke wa kambini kuwa ni mkaazi wa pale alipo. Asiambiwe arudi alikozaliwa kutafuta barua ya sheha.

Tano, vyeo visiingie darasani. Mke wa mkubwa na mke wa askari wa kawaida, wakishaketi mbele ya ubao, ni wanafunzi wawili. Vyerehani vya kikundi vikiishia katika nyumba ya mwenye nyota begani, mpango wote utakuwa umekufa, na waliokufa moyo hawatarudi kwa wito wa pili.

Akina mama nao wana wajibu wao. Serikali ikifungua mlango, hakuna atakayewabeba kuwaingiza. Na askari mwenyewe, anayerudi lindoni na kuvua buti, akubali jioni mbili kwa wiki kukaa na watoto wakati mama yao yuko darasani. Hiyo nayo ni zamu.

Tarehe 7 Desemba, 2017, kituo cha walinda amani kilishambuliwa kule Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini. Askari wetu wasiopungua 14 waliuawa, miongoni mwao wamo vijana wa visiwa hivi. Taifa liliomboleza, bendera ilifunika majeneza, na hotuba zilisomwa. Maombolezo yalipokwisha, kila mjane alirudi kwenye nyumba yake na kuanza kuhesabu siku. Kiinua mgongo, hata kikiwa kikubwa namna gani, hulika kikaisha. Ujuzi haulikani. Mwanamke aliyekuwa na kazi yake au fani yake siku ile habari ilipobisha hodi aliupata msiba wake kamili, lakini hakupata na wa pili.

Hatumwombei mabaya askari yeyote. Tunasema tu kwamba nchi inayoweza kumtuma mume wa mtu kwenda mahali asikoweza kurudi haiwezi kusema kwamba elimu ya mkewe haiihusu. Boti itaendelea kuondoka Malindi, na amri za uhamisho zitaendelea kutolewa, kwani bila ya hizo hakuna jeshi. Kilichobaki ni wenye dhamana kuhakikisha kwamba ile bahasha iliyo chini ya sanduku, ikifunguliwa ng'ambo ya pili, bado ina thamani ile ile iliyokuwa nayo ilipofungwa.